Kwa nini huzuni ya jukwaani ni tamu? Tuijadili rasa ya Wahindi

#1 Mkunazi
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za sanaa za jukwaani za Uhindi, na kuna jambo linanisumbua. Nalileta tulichambue.

Msiba ukikufika unaumia, na hakuna anayeomba siku ile ijirudie. Lakini mtu huyohuyo atatoa pesa yake, atakaa saa tatu nzima akimlilia mtu asiyekuwepo, atatoka macho mekundu na kusema amefaidi. Wahindi waliliuliza hili zamani sana. Natyashastra, kitabu kinachonasibishwa na Bharata, ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 2 baada ya Kristo, kimeitengea rasa, yaani ladha ya hisia anayoionja mtazamaji, sura yake ya 6. Bharata anasema mpishi huchanganya viungo, majani na sukari guru, mlaji akapata ladha ambayo haimo katika kiungo chochote kikiwa peke yake. Jukwaani nako, sababu ya hisia, dalili zake mwilini na hisia ndogondogo za kupita vikikutana, rasa huzaliwa. Majonzi, ambayo wao huyaita shoka, yakishapikwa hivyo yanakuwa karuna.

Dai langu: karuna si huzuni. Ni kitu kingine kabisa, na ndiyo maana ni tamu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kaskazi
Naweka kambi hapa. Nasubiri wajuzi.

#3 Nahodha wa Pili
Mkuu Mkunazi, kwa nini umeshika karuna tu? Bharata alitaja rasa tisa: mapenzi, kicheko, huruma, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa, mshangao na utulivu. Huzuni angalau inaeleweka, hata nyumbani mtu hulia akapumua. Nielezeni kinyaa. Nani anatoka nyumbani kwake kwenda kufurahia kinyaa?

#4 Bi Rehani
Nahodha, hoja ya kinyaa ni nzito, ila hesabu si hiyo. Bharata alitaja nane. Utulivu, yaani shanta, haumo katika orodha yake. Kifungu chake kinaonekana katika baadhi ya miswada tu, na wachunguzi wengi wanakiona ni nyongeza ya baadaye.

Kila moja kati ya zile nane ilipewa rangi na mungu wake. Shringara, ya mapenzi, ni rangi ya kiza na ni ya Vishnu. Karuna ni kijivu cha njiwa, na mwenyewe ni Yama, mungu wa mauti. Raudra, ya ghadhabu, ni nyekundu. Kinyaa, yaani bibatsa, ni buluu. Nilijifunza Bharatanatyam, ngoma ya jukwaani ya Uhindi ya kusini, Nairobi nikiwa msichana, kwa mwalimu aliyetoka Chennai, na rangi hizi alitukaririsha kabla hajaturuhusu kukunja hata kidole.

#5 Msomi wa Jioni
Bi Rehani yuko sahihi. Niongeze kidogo, maana kuna wanaodhani shanta ilibuniwa na Abhinavagupta, yule mwanafalsafa wa Kashmir aliyeandika kuelekea mwaka 1000. Yeye aliitetea kwa nguvu kuliko wote, lakini Udbhata, pia wa Kashmir, alikwisha kuitaja kabla yake. Anandavardhana wa karne ya 9 akasema rasa kuu ya Mahabharata nzima, ule utenzi mkubwa wa vita wa Wahindi, ni shanta: vita vyote vile, na mwisho wake mtu abaki ameitupa dunia.

Dhananjaya, aliyeandika Dasharupaka katika karne ya 10, alikataa. Alisema utulivu ni kukoma kwa vitendo vyote, na kitu kisicho na kitendo hakiigizwi jukwaani. Mimi naona hapo alikuwa na hoja ambayo haijavunjwa sawasawa mpaka leo.

#6 Kaskazi
Mtu aliyetulia akiigizwa, mtazamaji si atasinzia? Dhananjaya namuunga mkono.

#7 Mkunazi
Kaskazi, acha usingizi wako nje ya uzi. Msomi, turudi kwenye karuna. Ile huzuni inakaa wapi hasa? Kwa Rama, yule shujaa wa utenzi wa Ramayana, anayeigizwa, kwa mwigizaji, au kwangu mimi niliyekaa kitini?

#8 Msomi wa Jioni
Hilo ndilo lililowafanya watu wa Kashmir wabishane vizazi kadhaa. Vitabu vya watatu kati yao vimepotea. Tunajua hoja zao kwa sababu Abhinavagupta alizieleza ili azipinge, katika ufafanuzi wake wa Natyashastra uitwao Abhinavabharati.

Wa kwanza, Bhatta Lollata. Kwake, rasa ni hisia ileile ya kawaida iliyokolezwa. Imo ndani ya Rama mwenyewe, na mwigizaji anaibeba kwa sababu anajivika u-Rama.

Wa pili, Shankuka, akamwuliza: Rama alikwisha kufa zamani, huzuni yake utaionaje? Akasema mtazamaji hukisia hisia kutokana na dalili, kama anayeona farasi aliyechorwa akasema "huyu farasi". Hadhani ni farasi kweli, hadhani si farasi, hana shaka, wala hasemi "anafanana na farasi". Ni namna ya kujua isiyoingia katika hizo nne.

Wa tatu ni Bhatta Nayaka, na kwangu mimi ndiye aliyegeuza mchezo. Alisema huzuni ya jukwaani ingekuwa yangu, ningekimbia. Ingekuwa ya jirani, ningebaki mkavu. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya mtu. Ushairi, mavazi na muziki huivua huzuni jina la mwenyewe, ikabaki huzuni ya wote, nasi tukaionja bila kudaiwa kitu.

Abhinavagupta akaichukua hiyo akaongeza lake: tunaweza kuionja kwa sababu kila mmoja ana mabaki ya hisia yaliyolala ndani yake, na mchezo huyaamsha. Mfano wake ni swala katika tamthilia ya Kalidasa. Mfalme Dushyanta yuko kwenye gari la farasi na upinde. Swala anakimbia huku akigeuza shingo kumwangalia, na majani aliyokuwa ameyatafuna nusu yanadondoka njiani kwa kuhema. Ukimsoma swala huyo husemi "naogopa", wala husemi "swala anaogopa". Hofu ipo, bila mahali na bila tarehe.

#9 Chungu Tatu
Msomi, umeeleza vizuri, ila mimi nitakwambia lililonipata. Mwaka aliofariki mama yangu, wenzangu walinipeleka kutazama mchezo wa jukwaani, humo mama anaagana na mwanawe. Sikuonja chochote. Nilitoka katikati, nikakaa nje kwenye ngazi mpaka walipomaliza. Ile haikuwa huzuni ya wote, ilikuwa yangu. Sasa Nayaka na wenzake wananiweka fungu gani?

#10 Bi Rehani
Pole sana, ndugu yangu.

Abhinavagupta hakukusahau. Aliorodhesha vizuizi saba vinavyozuia rasa, na kimoja ni hicho: mtu aliyezama katika raha au uchungu wake mwenyewe. Kingine ni mtazamaji kuyaona mambo ya jukwaani kama yake binafsi, au ya mtu fulani wa mahali fulani na wakati fulani. Kwake muziki, mavazi, jukwaa lenyewe na urembo wake vipo ili kumtoa mtu huko. Siku ile kwako havikutosha, na sidhani kwamba mwigizaji alikosea.

#11 Mtoto wa Ngamiani
Nimesoma #8 na #10, na mimi nasimama na Chungu Tatu. Mnazungumzia Kashmir tu. Ukoo wetu ni wa Gujarat, tuko Tanga tangu enzi za babu, na huko kwetu walikuwepo wanafunzi wawili wa mwanachuoni Hemachandra, nao ni Ramachandra na Gunachandra, wafuasi wa dini ya Kijaini wa karne ya 12. Waliandika Natyadarpana, na humo walisema kinyume cha Kashmir yote: rasa nyingine ni raha, nyingine ni maumivu kweli. Mapenzi, kicheko, ushujaa, mshangao na utulivu ni raha. Huruma, ghadhabu, kinyaa na hofu zinauma. Sita, mke wa Rama, anapotekwa, Draupadi wa Mahabharata anapoburutwa kwa nywele mbele ya baraza, mtazamaji anateseka. Hakuna cha "huzuni isiyo ya mtu".

Kinachofurahisha wao wanasema ni ufundi wa mshairi na wa mwigizaji. Ukiumia unaumia, lakini unamvulia kofia aliyekuumiza vizuri.

Nahodha, jibu la kinyaa chako ndilo hilo. Hufurahii kinyaa, unafurahia aliyekionyesha.

#12 Mkunazi
Mtoto wa Ngamiani, hapo dai langu la #1 umelipiga palepale, na silitoi. Kama ni ufundi tu, mbona mtu anayeruka sarakasi kwa ustadi mkubwa haniachi na kile alichoniachia mwigizaji wa karuna? Navyo vyote viwili ni ufundi.

#13 Mtoto wa Ngamiani
Kwa sababu mwanasarakasi hakukuumiza.

#14 Dada wa Kochi
Jamani nimechelewa. Nilisoma shahada yangu Kerala na nilitazama Kutiyattam kule, tamthilia ya Kisanskriti inayochezwa na watu wa jamii za Chakyar na Nambiar kwenye kumbi za mahekalu. UNESCO iliitangaza mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na siku hizi inachezwa hata nje ya mahekalu. Ninachotaka kusema ni kuhusu mwili, maana mnazungumza kama rasa inatoka vitabuni.

Mbele ya jukwaa kuna taa kubwa ya shaba yenye mafuta, tambi tatu: mbili zinamwelekea mwigizaji, moja inatuelekea sisi. Nyuma yake kuna mizavu, ngoma ya chungu cha shaba kilichowambwa ngozi mdomoni. Mwigizaji alikaa kwenye kigoda akaonyesha nondo anayeingia motoni. Hakutumia mkono. Kwanza macho yake yakawa moto: mboni zinapanda na kushuka, kope zinatetemeka juu tu, chini zimetulia. Halafu yakawa nondo: mboni zinazunguka haraka, zinasita, zinarudi. Nondo yule alikuwa jike, na mumewe alikuwa ameungua tayari. Kulikuwa na kipande kifupi ambapo macho yalisimama kabisa, pumzi ikashikwa, shavu la kushoto likaanza kucheza lenyewe. Watu wapatao ishirini ukumbini, hakuna aliyekohoa.

Baadaye nilimwuliza mmoja wa waalimu kama mwigizaji anahuzunika kweli. Alisema wanafunzi wanafundishwa rasa kwa pumzi: kila moja na namna yake ya kuvuta, kubana na kuachia, na uso unafuata.

#15 Bi Rehani
Dada wa Kochi, asante. Bharata mwenyewe ana fungu la dalili nane anazosema haziji bila akili kutulia mahali pamoja: kuganda, kutoka jasho, vinyweleo kusimama, sauti kukwama, kutetemeka, rangi ya uso kubadilika, machozi na kuzirai. Anauliza, asiye na huzuni ataleta vipi machozi? Kwa hiyo lile shavu lililocheza lenyewe linampa Lollata nguvu kidogo, ijapokuwa Msomi ameshamzika huko #8.

#16 Msomi wa Jioni
Sijamzika, Abhinavagupta ndiye aliyemzika. Na kuna jambo linapendeza hapa: Kerala ya Dada wa Kochi ndiko ilikopatikana miswada ya Abhinavabharati mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu kiliandikwa Kashmir, kaskazini kabisa, kikahifadhiwa kusini kabisa, na juzuu la kwanza likachapishwa Baroda mwaka 1926.

Kuhusu karuna, hatujamtaja mtu wake mkubwa. Bhavabhuti, karne ya 8, katika Uttararamacarita, ana beti inayosema rasa ni moja tu, karuna, na nyingine ni maumbo yake, jinsi maji yaleyale yanavyokuwa kizingia, povu na wimbi. Tamthilia yenyewe inamhusu Rama baada ya kumfukuza Sita akiwa mja mzito kwa sababu ya maneno ya watu.

Someni tendo la 7. Rama amekaa kama mtazamaji. Valmiki, mshairi wa Ramayana, ametunga mchezo, na malaika wa kike wanauigiza mbele yake: Sita msituni, Sita ukingoni mwa Ganga, anajitupa majini. Rama anamwita mkewe kwa sauti. Lakshmana, nduguye, anamkumbusha kwamba hiyo ni tamthilia. Anatulia kidogo, halafu anashindwa tena mpaka anazirai. Kwa kipimo cha Nayaka, Rama ni mtazamaji mbaya kuliko wote waliowahi kuandikwa, kwa sababu huzuni ile ina jina lake. Nasi tunaomtazama Rama akishindwa kutazama, ndio tunaoonja.

#17 Chungu Tatu
Basi siku ile nilikuwa Rama. Nimeipenda hiyo.

#18 Mwanazeze
Wazee wangu, mie mpiga fidla wa taarabu, Unguja. Hadithi zenu zote zina mtu: Rama, Sita, swala, nondo. Mie sauti tupu yanihuzunisha. Ukipiga maqamu iitwayo Saba, huna maneno, huna mke aliyefukuzwa, na msikilizaji anainama. Hiyo "sababu ya hisia" iko wapi?

#19 Dada wa Kochi
Mwanazeze, Bharata aligawa hata noti. Ma na pa kwa mapenzi na kicheko, sa na ri kwa ushujaa, ghadhabu na mshangao, ga na ni kwa karuna, dha kwa kinyaa na hofu. Halafu katika Hindustani, muziki wa Uhindi ya kaskazini, kila raga, yaani mtindo wa lahani, ina saa yake: Bhairav alfajiri, Yaman jioni giza likiingia, Malkauns usiku wa manane. Malhar ni ya masika.

#20 Mwanazeze
Noti moja haina huzuni, dada. Ga peke yake haikuambii kitu mpaka ujue imetoka wapi na inakwenda wapi.

#21 Msomi wa Jioni
Na mgao ule wa noti ulikuwa wa muziki wa tamthilia ya zama zile, si wa raga za leo. Mpangilio wa saa uliokuja kufundishwa sana ni ule alioupanga Bhatkhande, mtaalamu wa muziki aliyefariki 1936, na wanamuziki wa Karnataki kusini hawaufuati kwa ukali huo. Swali la Mwanazeze limebaki wima.

#22 Kaskazi
Mimi nitaongelea sinema, maana ndiko nilikoonjea. Bibi yangu Mombasa hakujua neno la Kihindi. Alikuwa anakwenda na leso ya pili, ya kufutia machozi, na shoga zake wote vilevile. Wimbo ukianza wanajua nani ameachwa. Kesho yake wimbo uleule unasikika harusini kwa maneno ya Kiswahili, marehemu Juma Bhalo aliimba nyingi za namna hiyo. Kwangu huo ni ushahidi wa Nayaka: lugha haikuwepo, jina halikuwepo, huzuni ilifika.

#23 Mwanazeze
Na njia hiyo ni ya zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Lakini Kaskazi, bibi yako alikuwa anaona uso. Mie nauliza giza, bila uso.

#24 Nahodha wa Pili
Bi Rehani, nikuulize wewe uliyecheza. Mapenzi katika Bharatanatyam yanaimbwa kwa miungu, Krishna au Shiva. Ni mapenzi kweli au ibada?

#25 Bi Rehani
Hapo umegusa ugomvi wa karne ya 20. Ngoma ile ilikuwa ya wanawake wa mahekalu na wa ukumbi wa wafalme, devadasi. Kampeni dhidi yao ilikwenda mpaka sheria ya Madras ya mwaka 1947 iliyokataza kuwaweka wakfu wasichana mahekaluni. Rukmini Devi Arundale, Mbrahmani aliyeanzisha Kalakshetra mwaka 1936, aliipeleka ngoma kwa mabinti wa familia zilizokuwa zikiikwepa, na akapunguza shringara ya kimwili, akaelemea ibada. T. Balasaraswati, aliyezaliwa 1918 katika ukoo wa wasanii wenyewe, akashikilia kwamba shringara ndiyo rasa kuu ya ngoma ile na kwamba haina uchafu wa kusafishwa.

Mwalimu wangu alikuwa wa upande wa Rukmini Devi. Kwenye varnam, kile kipande kirefu cha katikati, alinitaka nimtazame Krishna kwa macho ya mja. Nilicheza hivyo miaka mingi. Nilipokuja kuona filamu ya zamani ya Balasaraswati, mwanamke mnene wa makamo, hana mapambo mengi, anamwita mtoto Krishna aje, nikaona mja na mama na mpenzi katika mkono mmoja unaoita. Mimi sasa niko kwa Balasaraswati. Ukimtoa mpenzi, mja anabaki amepoa.

#26 Mtoto wa Ngamiani
Rupa Gosvami wa Vrindavan, karne ya 16, angekukatalia. Kwake bhakti, yaani mapenzi ya mja kwa mungu wake, ndiyo rasa halisi, shringara ya Krishna iko kileleni mwake, na mwonjaji wake ni mja. Asiye na bhakti moyoni haonji.

#27 Msomi wa Jioni
Na Abhinavagupta angemkatalia Rupa. Kwake kinachohitajika ni moyo uliong'arishwa kwa kusoma mashairi na kuyarudia, mpaka uwe kioo. Imani si sharti.

#28 Nahodha wa Pili
Mimi Mwislamu wa Lamu. Nilitazama Bharatanatyam ughaibuni, Leicester, mwanamke anamngoja Krishna mlangoni na haji. Sikujua Krishna ni nani hasa zaidi ya jina. Vinyweleo vilisimama, dalili ya tatu katika ile orodha ya Bi Rehani #15. Mashairi ya Kisanskriti sijapata kusoma, kwa hiyo hata kioo cha Abhinavagupta sina. Kwa Rupa mimi si mja. Kwa hiyo kwa wote wawili sikuonja, na mimi najua nilionja. Msomi, nijibu hapo. Na usiniambie ni tenzi nilizosikia utotoni, maana hilo nimeshaliwaza.

#29 Msomi wa Jioni
Ndilo nililotaka kukuambia. Nipe mpaka kesho.